Mfanyabiashara Aliyechoka Kuhesabu

Januari 1800, jimbo la Pennsylvania huko Marekani lililipia mazishi ya mtu aliyekuwa gavana wake kwa miaka tisa. Marehemu alizaliwa katika ukoo wenye mali, akafanya biashara, akawa jenerali, akawa spika, akakalia kiti cha Rais wa Kongresi, akatia saini Katiba ya nchi yake. Alipokufa, alichoacha kilikuwa madeni. Jina lake Thomas Mifflin.

Vijana wangu, msidhani namleta hapa ili nimsute. Nguvu za kusuta watu zimeniisha, na chache zilizobaki nazitunza kwa ajili ya kupandia ngazi. Ila kila nikisoma habari za mtu huyu nacheka peke yangu, kisha nanyamaza, kwa sababu namfahamu. Nimeuziana naye, nimemkopesha, nimempigia kura, nimekwenda kumzika, kila mara akiwa na jina jingine. Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniuliza mbona nahangaika na Wamarekani waliokufa zamani. Nikamwambia wafu hawanuni ukiwasema, na waliokufa mbali hata jamaa zao hawatakuja kugonga mlango.

Mifflin alizaliwa Philadelphia mwaka 1744, katika familia ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, ambao wenzao wa imani walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902 na kuanzisha kanisa linalosimama hadi leo. Marafiki wa enzi zile hawakupigana vita, hawakula kiapo, hawakupenda mapambo. Biashara waliijua vizuri. Kijana alimaliza chuo mjini kwao mwaka 1760 akiwa na miaka 16, akawekwa kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye William Coleman ajifunze kazi, akatembezwa Ulaya, kisha akafungua biashara na ndugu yake George. Hapo nataka mpashike. Kabla ya upanga kulikuwa na daftari. Huyu alijua bidhaa hununuliwa wapi, hupakiwa vipi, hufika lini, na mteja yupi hulipa kwa fedha na yupi hulipa kwa salamu.

Siasa ilimfuata dukani. Mwaka 1765 Waingereza walitia kodi ya stempu, wafanyabiashara wa makoloni wakakubaliana kutoagiza bidhaa za Uingereza, na mtu mwenye duka akajikuta ana la kusema hata kama hakuwa na nia ya kusema. Mifflin akasema. Tena akasema vizuri. Mwaka 1772 akaingia katika bunge la Pennsylvania, na 1774 akawa mjumbe wa Kongresi ya kwanza ya makoloni. Wageni wa mikutano hiyo walikula kwake, John Adams akiwemo. Nyumba ilikuwa nzuri na meza ilikuwa pana.

Kuna picha yake iliyochorwa na John Singleton Copley mwaka 1773, akiwa na mkewe Sarah. Naipenda sana picha ile. Sarah ndiye aliye mbele, mikono yake iko kwenye kitanda kidogo cha mfumi, anafuma utepe, na macho yake yanatutazama sisi. Mume amekaa nyuma kidogo, kidole kimeshika ukurasa wa kitabu, anamtazama mkewe. Wajuzi wanaeleza kwamba ule mfumi ni ishara ya kukataa nguo za Waingereza, na sina ubishi nao. Lakini mzee kama mimi anaona na jambo jingine: anaona katika nyumba hii ni nani aliyekuwa na kazi mkononi, na nani aliyekuwa akisubiri watu wamtazame. Nisameheni, uzee hupenda kusoma vitu ambavyo mchoraji hakuviandika.

Vita vikaanza mwaka 1775. Mifflin akavaa sare, na Marafiki wakamtoa katika ushirika wao. George Washington alimchukua kuwa msaidizi wake, na mwezi Agosti akampa kazi ya mkuu wa ugavi wa jeshi zima. Nani angefaa zaidi? Mkuu wa ugavi ndiye anayetafuta mahema, mikokoteni, farasi na majani ya farasi, majembe na mashoka. Ndiye anayetengeneza njia na kupanga kambi. Chakula kilikuwa na mkuu wake, na nguo zilikuwa na wake, lakini vyote hivyo husafiri juu ya magurudumu, na magurudumu yalikuwa yake. Ni kazi ya mtu wa daftari. Ni duka kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Akaichoka.

Hapa ndipo ninapocheka, maana jambo hili nimeliona kwenye kila harusi niliyowahi kualikwa. Wanaotaka kushika kipaza sauti wapo kumi na tano. Wanaotaka kupokea wageni mlangoni, wamevaa vizuri, wapo. Ukiuliza nani atakesha nyuma ya nyumba akichochea kuni chini ya sufuria la pilau, kila mtu anakumbuka kwamba mama yake anamwita. Na wageni wakila pilau iliyoungua, lawama haimwendei mpishi tu. Harusi yote inaitwa mbovu, na bibi arusi hana hatia.

Mifflin alitaka kushika kipaza sauti. Mwezi Mei 1776 alipandishwa kuwa brigedia jenerali, akauacha ugavi ili aongoze askari. Aliyeshika nafasi yake, Stephen Moylan, alielemewa mapema, na ilipofika vuli Kongresi ikamrudisha Mifflin kwenye kazi ileile aliyoikimbia. Alikubali. Hakufurahi.

Wala nisimpunje, mizani iwe sawa. Ulimi wake ulikuwa na thamani. Mwishoni mwa 1776 jeshi la Washington lilikuwa limebakiza vumbi tu: mikataba ya askari wengi ilikuwa inakwisha pamoja na mwaka, na watu walikuwa wamechoka, wana baridi, wanataka kwao. Mifflin alitumwa kuzunguka Pennsylvania akihimiza wanamgambo, na walikuja. Kisha kule New Jersey akasimama mbele ya askari wa majimbo ya kaskazini, juu ya farasi, amevaa koti lililoshonwa kwa blanketi na kofia kubwa ya manyoya, akawaomba wabaki wiki sita zaidi kwa malipo ya dola 10 kila mtu. Wengi wakabaki. Siku chache baadaye, tarehe 3 Januari 1777, Washington alishinda pale Princeton, na watu waliobaki kwa maneno yale walikuwemo vitani.

Fedha za kuwalipa, lakini, hazikuwa sandukuni. Ilibidi Washington amwandikie Robert Morris, mfanyabiashara mwingine wa Philadelphia, atafute popote pa kuzipata. Morris akazitafuta. Mtu mmoja ametoa ahadi akapigiwa makofi. Mwingine ameamka alfajiri kugonga milango ya watu ili ahadi ile isigeuke uongo. Zote ni kazi, na nchi inazihitaji zote mbili. Ila nawaambia, ukisikia makofi mara moja katika hali kama ile, watu elfu moja wakikuamini kwenye baridi, kurudi kuhesabu misumari ya viatu vya farasi ni mtihani mkubwa kwa mwanadamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wahenga hawakumlaumu sana mgema, ukiwasikiliza vizuri. Walijua sifa inalevya kuliko tembo lenyewe.

Februari 1777 akawa meja jenerali. Kiangazi kikaja na ugomvi wa pembeni: hakupenda mipango ya Washington, hakupenda washauri waliokuwa karibu naye, na alisema anaumwa. Huenda aliumwa kweli. Mtu aliyechukizwa na kazi huumwa kweli, hilo nimelishuhudia. Akakaa kwake. Oktoba akaandika barua ya kujiuzulu, Novemba Kongresi ikaipokea, ikamwomba aendelee kushikilia mpaka apatikane mwingine, na wakati huohuo ikamweka kwenye Bodi ya Vita, mahali pa kukaa mezani na kutoa maoni. Mwingine hakupatikana mpaka Machi 1778.

Hesabuni miezi hiyo. Ni kipupwe kizima cha Valley Forge.

Jeshi liliingia Valley Forge tarehe 19 Desemba 1777, watu kama 11,000 hivi na zaidi, na lilikuta miti na baridi. Siku nne baadaye Washington aliiandikia Kongresi kwamba askari 2,898 hawafai kwa kazi kwa kuwa hawana viatu wala nguo za kutosha, na kwamba tangu mwezi Julai hajapata msaada kutoka kwa mkuu wa ugavi. Soma barua ile polepole. Huyu ni mtu aliyekuwa na subira ya mwamba, na hata yeye anaonekana kuishiwa. Farasi walikufa kwa mamia kwa kukosa malisho. Na farasi akifa, hakuna wa kuvuta mkokoteni, na mkokoteni usipovutwa, unga ulioko kwa mkulima unabaki kwa mkulima. Chakula kilikuwepo katika nchi ile. Kilichokosekana ni gari, mwendeshaji, njia inayopitika, na mtu wa kukasirika asubuhi na mapema kwamba gari la jana halijafika. Kufikia majira ya joto, wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya watu 1,700 na 2,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi.

Mzigo huu haukuwa wa Mifflin peke yake, na atakayemtwika wote atakuwa anadhulumu. Waingereza walikuwa wameshika Philadelphia tangu Septemba. Fedha za karatasi za Kongresi zilikuwa zinapungua thamani mkononi mwa mtu, na mkulima hakutaka kuziona. Kongresi yenyewe ilichukua miezi kujaza kiti kimoja. Lakini nyie mliokaa dukani mnajua kitu ambacho wanasiasa hawakijui: duka haliharibiki siku mwenyewe anapoondoka. Wiki ya kwanza linakwenda kwa mazoea. Ya pili, mtungi wa mafuta umepungua na hakuna aliyeagiza. Ya tatu, mteja mzuri kakosa sukari kaenda kwa jirani. Ukija kugundua, umekwisha kula mtaji.

Aliyeokota funguo ni Nathanael Greene. Naye alilelewa na Marafiki, naye alitoka katika familia ya kazi, wafua chuma wa Rhode Island, naye alikuwa jenerali aliyetamani kubaki na askari wake. Aliupokea ugavi kwa shingo upande. Baadaye alimlalamikia Washington kwa maandishi kwamba hakuna aliyewahi kumsikia mkuu wa ugavi akitajwa katika historia. Alisema kweli, na nampenda kwa kuisema. Alinung'unika na kazi akaifanya. Jeshi lilipotoka Valley Forge mwezi Juni 1778, liliweza kuwafuata Waingereza kupitia New Jersey na kupigana nao Monmouth, kwa sababu safari hii magurudumu yalikuwepo. Kunung'unika hakukatazwi, wanangu. Nung'unikeni mpaka mchoke, mikono ikiendelea.

Kulikuwa na minong'ono pia kwamba Mifflin na wenzake walitaka Washington aondolewe, jenerali Horatio Gates akae mahali pake. Marafiki wa Washington waliamini hivyo, Mifflin alikana. Kongresi iliagiza mambo ya idara yake yachunguzwe, ila hakuwahi kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwaka 1779 alikuwa ametoka jeshini moja kwa moja. Mambo hayo yameandikwa sana na mimi hayanisisimui. Fitina za wakubwa zinafanana kila mahali. Ni viatu vya yule askari ninavyovifikiria.

Sasa sikilizeni utamu wa dunia. Vita vikaisha, na nani alichaguliwa Rais wa Kongresi mwezi Novemba 1783? Mifflin. Kwa hiyo tarehe 23 Desemba 1783, katika ukumbi wa Annapolis, Washington alipokuja kurudisha amri ya jeshi aende zake nyumbani kama raia, aliyekaa kitini kuipokea alikuwa yuleyule ambaye miaka sita nyuma alimwacha bila mikokoteni. Wajumbe walikaa na kofia zao kichwani, kama ilivyopangwa, ili ijulikane kwamba jeshi liko chini ya raia. Washington akasoma, mikono ikimtetemeka. Mifflin akajibu kwa maneno mazuri, ambayo kwa sehemu kubwa yaliandikwa na Thomas Jefferson. Hata siku ile kazi ya kalamu ilikuwa ya mtu mwingine! Lakini alikuwepo, na alisimama inavyopasa. Nchi changa husamehe haraka kwa sababu haina watu wa kutosha wa kuwakasirikia. Wiki tatu baadaye, tarehe 14 Januari 1784, Kongresi iliuridhia mkataba wa amani wa Paris chini ya urais wake.

Yaliyofuata nayapitia upesi, maana ni ngazi juu ya ngazi. Mwaka 1787 alikuwa kwenye mkutano wa Katiba, akasema machache, akatia saini. Mwaka 1788 alimrithi Benjamin Franklin kwenye uongozi wa Pennsylvania. Mwaka 1790 akagombea ugavana dhidi ya jenerali mwenzake Arthur St. Clair akapata kura karibu mara 10 ya zake. Mnaona? Watu walimpenda. Alikuwa mkunjufu, mlango wake uko wazi, anakumbuka jina lako na la mwanao. Makaratasi ya serikali, kwa kiasi kikubwa, yalikuwa mikononi mwa katibu wake, Alexander James Dallas. Mwaka 1794, wakulima wa magharibi walipoasi kwa sababu ya kodi ya pombe, alisita kwanza kuita wanamgambo, kisha akazunguka wilaya moja baada ya nyingine akihutubia, na ulimi wake wa zamani ukawatoa watu majumbani. Umri ule, na bado anawatoa.

Nyuma ya ule ukunjufu, daftari halikuwa likiandikwa. Sarah alifariki mwaka 1790, mwaka uleule mume alipoapishwa kuwa gavana. Mkono wa Mifflin ulikuwa wazi kwa kila mtu, na mkono wazi ukikaa kwenye mfuko usiohesabiwa, siku moja unagusa chini. Waliomjua walimsema kwa ulevi. Muhula wake wa mwisho uliisha tarehe 17 Desemba 1799, siku tatu baada ya kifo cha Washington, na heshima ya cheo ilipoondoka, wadai wakabaki. Akaondoka Philadelphia, mji alimozaliwa, mji alimowakaribisha watu wote wakubwa wa zama zake. Akaenda Lancaster, ambako bunge la jimbo lilikuwa limehamia, akiwa mbunge wa kawaida tena, na huko akafa kabla hata mwezi wa pili haujaanza, akiwa na miaka 56. Na Robert Morris, yule aliyetafuta fedha alfajiri kwa ajili ya ahadi za mwenzake? Wakati huo alikuwa gerezani Philadelphia kwa madeni ya ununuzi wa ardhi. Kwa hiyo msije mkasema babu ametuambia tuhesabu tu na mambo yatanyooka. Morris alijua kuhesabu kuliko wote. Tamaa iliishinda hesabu.

Simhukumu Mifflin. Mtu aliyepoteza dini ya wazazi wake kwa ajili ya nchi, akapoteza na mali, haniombi mimi ruhusa ya kuheshimiwa. Kuna ngome mtoni Delaware inayoitwa kwa jina lake, na kuna wilaya katikati ya Pennsylvania. Ninachosema ni kwamba deni la mtu wa namna hii hulipwa na wasiohudhuria sherehe. Kule Valley Forge alililipa kijana aliyefunga miguu kwa vitambaa. Philadelphia alililipa muuza duka aliyetoa bidhaa kwa mali kauli kwa sababu mnunuzi ni gavana, na nani anamdai gavana?

Yupo mmoja wenu hapa, simtaji, mwenyewe ameanza kuangalia viatu vyake. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Alisimama kwenye mkutano akasema juu ya mtaro unaofurika, akasema vizuri sana, nami nilipiga makofi. Sasa ni diwani mteule, na nasikia funguo amempa binamu yake ambaye saruji na chokaa kwake ni kitu kimoja. Hongera, mwanangu, nasema kwa moyo. Mtaro tunauhitaji. Lakini kabla ya kwenda kushona suti ya kuapishwa, njoo kwangu Jumamosi na lile daftari lako la madeni, pamoja na huyo binamu, tuketi mezani tuone unamdai nani, nani anakudai, na mzigo ujao unaagizwa tarehe ngapi na nani. Chai nitaweka mimi. Sukari uje nayo wewe, na uiandike.